Sura ya Sita: Tairi Lifunguliwe Kwanza

Gari likishaegeshwa kando ya barabara na msumari ukaonekana, mazungumzo yote huwa ya msumari. Ni mrefu kiasi gani, umeingia wima au kwa mshazari, uko katikati au pembeni, upepo umeisha au umebaki kidogo. Mwenye gari anauinamia, fundi anatema mate kwenye tundu aone kama yatatoa mapovu, na hukumu inatolewa papo hapo: hili linazibika, au hili limekwisha, kanunue jingine. Hoja ya sura hii ni kwamba hukumu hiyo, iwe ya kuziba au ya kutupa, imetolewa mapema mno, kwa sababu tairi lilikuwa bado limekaa kwenye rimu. Tundu linaeleza jambo moja tu, nalo ni mahali upepo ulipotokea. Halielezi gari lilikwenda umbali gani likiwa na upepo pungufu, lilibeba watu wangapi, lami ilikuwa ya moto kiasi gani, wala mbavu za tairi ziliumia vipi njiani. Alama za hayo yote zimo upande wa ndani, na hakuna awezaye kuziona pasipo kulitoa tairi kwenye rimu. Fundi anayeziba bila kufungua anabahatisha. Muuzaji anayekushauri utupe bila kufungua anabahatisha vilevile, ila bahati nasibu yake anailipia mteja.

Ili hoja hii isimame, inabidi kwanza tuone tairi linafanya kazi gani. Mpira wenyewe haubebi gari. Upepo ndio unaobeba, na mpira kazi yake ni kuuzuia upepo huo usitoroke. Chukua gari dogo la kilo 1,300, la aina iliyojaa Dar es Salaam na Mombasa. Kila gurudumu linabeba wastani wa kilo 325. Upepo ukiwa psi 32, kila sentimita moja ya mraba inayogusa lami inahimili kilo mbili na robo hivi, kwa hiyo gurudumu zima limesimama juu ya eneo la takriban sentimita za mraba 145, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Upepo ukipungua hadi nusu, mzigo unabaki uleule na eneo la kuubeba linalazimika kutanuka, na njia pekee ya kutanuka ni ubavu wa tairi kukunjika zaidi. Sasa ongeza mwendo. Tairi la kipimo cha 195/65R15 lina mzunguko usiofika mita 2, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 14 kila sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, linazunguka zaidi ya mara 90,000, na katika kila mzunguko kila sehemu ya ubavu inakunjika na kunyooka. Kwa upepo kamili mkunjo huo ni mdogo na tairi limeundwa kuustahimili kwa miaka. Kwa nusu ya upepo, ubavu unafanyishwa kazi ambayo haukuumbiwa, tena maelfu kwa maelfu ya mara kabla ya dereva kusikia usukani ukivuta upande.

Kwa ndani, tairi la gari dogo la siku hizi lina tabaka kadhaa. La ndani kabisa ni utando wa mpira wa butili, ambao kazi yake ni kuzuia upepo. Ndio uliochukua nafasi ya tyubu viwanda vya Marekani vilipoanza kuyafanya matairi ya tyubulesi kuwa ya kawaida kwenye magari mapya katikati ya miaka ya 1950. Juu ya utando huo kuna nyuzi, aghalabu za poliesta, zilizopita kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi mwingine. Hizo ndizo mifupa ya ubavu. Chini ya uso unaokanyaga lami kuna mikanda ya waya za chuma, na waya hizo hupakwa shaba nyeupe ili zishikane na mpira. Msumari unaoingia katikati ya uso unapenya mpira mnene na mikanda ya chuma, sehemu ambayo haikunjiki sana. Msumari huohuo ukiingia ubavuni unakata nyuzi zinazobeba mvutano wote wa upepo, mahali panapokunjika kila mzunguko. Ndiyo maana upana wa tundu peke yake hautoshi kuamua. Skrubu ya milimita 5 katikati ya uso ni jambo la nusu saa kwa fundi mwenye vifaa. Kipande cha seng'enge cha milimita 2 ubavuni kimeshalimaliza tairi hilo.

Tyubulesi ilileta neema yenye mtego ndani yake. Tyubu ikichomwa huisha upepo mara moja, dereva apende asipende. Tyubulesi ikichomwa, mpira huubana msumari na upepo huvuja kidogo kidogo, wakati mwingine kwa siku nyingi. Dereva anajaza upepo Jumatatu, anaongeza Alhamisi, anajisemea kwamba valvu imechoka. Kati ya safari hizo za kwenye pampu gari linaendelea kutembea kwa psi 20, halafu 18, na ubavu unaendelea kuchemka. Mpira unaokunjwa na kukunjuliwa hugeuza sehemu ya nguvu hiyo kuwa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa gundi inayoshikanisha tabaka za tairi. Siku msumari unapoonekana hatimaye, tundu ni dogo na la kuchekesha, liko katikati ya uso, na kila aliyesimama pale anakubaliana kwamba hili ni la kuziba tu. Huenda ni kweli. Lakini waliosimama pale wameliona tundu, hawajauona ubavu kwa ndani.

Kisa kinachoonyesha kwa ukubwa wake jinsi tairi linavyoharibikia ndani kabla ya nje ni kile cha matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mwezi wa Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza nchini Marekani kuyarudisha matairi ambayo takriban milioni 6.5 yalikuwa bado barabarani, baada ya ajali nyingi ambamo uso wa tairi ulibanduka gari likiwa kwenye mwendo. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikuja kuhesabu vifo 271 vilivyohusishwa na matairi hayo. Malalamiko yalikithiri katika majimbo ya joto kama Texas, Florida, Arizona na California, na kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imeshaanza kubadilisha matairi ya aina hiyo Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba. Mtu atasema, na atasema kweli, kwamba chanzo kilikuwa muundo na utengenezaji wa matairi hayo, si misumari. Sikitaji kisa hiki kama ushahidi wa pancha. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha mambo yanayolichosha tairi yakikutana: joto la hewa, mzigo, mwendo wa muda mrefu, na upepo mdogo, kwani Ford ilikuwa ikipendekeza psi 26 wakati watengenezaji wa tairi walipendelea 30. Matairi hayo hayakupasuka kwa kuchomwa. Tabaka ziliachana kwa ndani, polepole, na kwa nje tairi lilikuwa bado na sura ya tairi zima. Tairi zuri lililokimbizwa kwa psi 15 katika jua la Dodoma au la Garissa linapitia, kwa kosa la dereva, sehemu ya adha ambayo yale yalizaliwa nayo.

Sheria iliyotokana na mkasa huo ndiyo iliyoleta ile taa ya upepo kwenye dashibodi. Kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa nayo. Ni jambo la maana, lakini msomaji asiitegemee kupita kiasi. Kiwango cha Marekani kinaitaka taa iwake upepo unapopungua kwa robo chini ya ule uliopendekezwa, maana yake gari la psi 32 linaweza kufika 24 taa ikiwa kimya. Na mengi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani hayana taa hiyo kabisa. Kwetu, taa ni jicho la dereva na kipimo cha upepo cha bei ndogo ambacho wengi hawana garini.

Sasa tuingie kwenye kipimo chenyewe. Chama cha watengenezaji wa matairi cha Marekani kinaruhusu tundu lizibwe ikiwa tu liko kwenye uso unaokanyaga, halizidi milimita 6, tairi limetolewa kwenye rimu na kukaguliwa kwa ndani, na kiraka kipya hakitapandana na cha zamani. Uingereza, kwa kiwango chao cha BS AU 159, sehemu inayozibika kwa ukarabati mdogo ni robo tatu za katikati ya uso. Kama uso una upana wa sentimita 16, tunazungumzia sentimita 12 za kati. Mataifa haya yana viwanda, mabaraza ya wahandisi na mahakama zenye ukali, na viwango vyao vinakutana katika mambo mawili: mahali na upana. Lakini sharti ambalo mafundi wetu hulisahau zaidi ni lile la tatu, la kufungua. Watu hunukuu milimita 6 kana kwamba ni ruhusa inayojitosheleza. Siyo. Milimita 6 ni sharti la kuanza kukagua, na tairi lenye tundu la milimita 2 linaweza kukataliwa kihalali na fundi yuleyule aliyeziba la milimita 5 asubuhi.

Anachotafuta humo ndani si siri ya kiwandani. Kwanza ni vumbi jeusi la mpira. Likimwagika kiganjani tairi linapogeuzwa, ujue ubavu umesagana kwa kutembea bila upepo, na mjadala umekwisha. Pili ni mstari unaozunguka ubavu wote kwa ndani, kama umekwanguliwa au umebadilika rangi, mahali ubavu ulipojikunja juu ya nafsi yake. Tatu ni utando wa butili uliokunjamana au kuvimba, na nne ni nyuzi zinazoonekana au kuhisika kwa vidole. Fundi mzuri anaupapasa ubavu wote kwa mkono, anaubinya, na kuulinganisha upande mmoja na mwingine, kwa sababu ubavu uliochoka hulegea mahali fulani kuliko pengine. Halafu anaingia kwenye tundu lenyewe: je, waya za chuma zimeshika kutu? Tundu lililokaa na msumari wiki tatu za masika limekuwa likinywa maji. Kutu ikitambaa kwenye waya, ile shaba iliyozishikanisha na mpira inapoteza kazi yake, na hapo ndipo uso huanza kuachana na mikanda.

Tairi likipita ukaguzi huo, kuziba kwenyewe kuna masharti mawili yasiyotenganishwa: shimo lijazwe na utando wa ndani ufunikwe. Kiraka cha ndani peke yake kitazuia upepo vizuri, lakini shimo linabaki wazi upande wa lami na maji yanaendelea kuingia kwenye chuma. Kijiti cha mpira chenye gundi kinachosukumwa kutoka nje kitajaza shimo, lakini hakuna aliyehakikisha kwamba utando wa ndani umefungika. Kiraka chenye shina, kinachovutwa kutoka ndani hadi shina litokeze nje, kinafanya kazi zote mbili kwa mkupuo. Pale fundi asipokuwa nacho, anaweza kujaza shimo kwa kijiti kisha akabandika kiraka ndani, mradi amekwangua utando vizuri, amepaka solusheni na ameiacha ikauke kabla ya kubandika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa haraka tu. Solusheni mbichi haishiki.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa madereva wa teksi na daladala: kijiti cha nje kinadumu. Wapo waliotembea nacho mwaka, miaka miwili, hadi tairi likawa kipara bila kuvuja hata mara moja. Sina sababu ya kuwakatalia. Kijiti kilichoingizwa vizuri kwenye tundu jembamba, wima, katikati ya uso, mara nyingi hushika upepo. Lakini ushahidi huo unathibitisha kwamba kijiti kinazuia upepo, jambo ambalo halikubishaniwa. Haugusi swali la hali ya ubavu, wala la kutu. Isitoshe, ushahidi huo unatolewa na waliofika. Dereva ambaye tairi lake lilibanduka Chalinze hatasema lilikuwa na kijiti, na mara nyingi hata hajui, kwa kuwa gari alilinunua likiwa nacho. Ninachokikubali ni hiki: kijiti cha nje ni njia halali ya kukutoa porini kukufikisha mjini, hasa usiku na mahali pasipo salama kusimama, ukienda taratibu na bila mzigo mkubwa. Kosa ni kukihesabu kuwa matengenezo yamekwisha. Maji ya kuzibia yanayosukumwa kupitia valvu yako katika daraja hilohilo, na yana kero ya ziada ya kumwachia fundi uchafu wa kufuta kabla hajaona lolote.

Kuna kitu cha kuchekesha katika historia hapa. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika kwenye karakana ya ndugu wa Michelin mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na tairi la upepo lililogandishwa kwenye rimu kwa gundi. Kulitoa na kuliziba kulichukua saa nyingi, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Édouard Michelin na nduguye walichoona si kwamba tairi linahitaji kutochomeka; waliona kwamba linahitaji kufunguka kirahisi. Mwaka 1891 walisajili tairi linalotoka kwenye rimu, na Charles Terront akalitumia kushinda mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi mwaka huohuo. Zaidi ya karne moja baadaye tunayo matairi yanayofunguka kwa dakika chache, na ujuzi tunaousifia ni ule wa kuyaziba bila kuyafungua.

Fundi wa kijiweni atasema hana mashine ya kufungulia. Hili ni pingamizi la muda wala si la uwezo. Mafundi hawahawa hufungua matairi ya tyubu kutwa nzima kwa vyuma viwili na nyundo, na mdomo wa tairi la gari dogo haushindikani kwa mikono iliyozoea. Kinachokosekana ni malipo ya hiyo nusu saa. Mteja anayelalamikia elfu mbili za nyongeza ndiye aliyemfundisha fundi kutumia kijiti.

Pingamizi la tatu ni la malori. Mbona matairi ya malori huzibwa hata ubavuni, tena hubandikwa uso mpya na kurudi barabarani, na hata matairi ya ndege hubandikwa uso mpya mara kadhaa? Ni kweli, na ni ushahidi unaoiunga mkono hoja yangu badala ya kuibomoa. Tairi la lori lina mifupa mizito, mara nyingi ya chuma, iliyokusudiwa tangu kiwandani kuishi zaidi ya uso mmoja. Na hakuna karakana inayobandika uso mpya bila kwanza kulikagua tairi ndani na nje. Ukarabati wa ubavu wa lori hufanywa kwa kiraka chenye nyuzi zake chenyewe, kwa joto na shinikizo. Nchini Marekani kiraka hicho huwekewa pembetatu ya bluu kando yake ili mkaguzi ajue uvimbe ule mdogo umetoka wapi. Hayo hayana undugu na ubavu wa gari dogo ulioshonwa kwa uzi wa nailoni na kuwekewa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani. Tairi la namna hiyo lina matumizi mengine mazuri. Katambuga haziulizi hali ya ubavu.

Halafu kuna dawa ya mitaani inayopendwa kuliko zote: kuweka tyubu ndani ya tyubulesi. Tairi linavuja, kiraka kimeshindwa, rimu ina kutu, basi tyubu inaingia na tatizo linatoweka. Limetoweka machoni. Tyubu inasuguana na utando wa ndani na kuongeza joto. Hewa iliyonaswa kati ya viwili hivyo haina pa kutokea. Kovu lolote lililobaki ndani ya tairi linaitoboa tyubu kwa muda wake. Na msumari unaofuata utatoa upepo wote kwa mpigo, kwa hiyo ile neema ya tyubulesi, ya kuvuja taratibu, imeuzwa. Kibaya zaidi ni kwamba tyubu inalifichia tairi lililostahili kukataliwa. Nikiulizwa kati ya kijiti cha nje na tyubu ya kuficha ubavu uliochoka, nitachagua kijiti, na sikipendi kijiti.

Tufike kwenye fedha, kwa kuwa ndizo zinazoamua katika hali nyingi. Kuziba ni elfu chache. Tairi jipya la gari dogo ni laki na zaidi. Tofauti hiyo ni halisi na kumwambia mwenye gari asiijali ni kumzungumzisha upepo. Lakini hesabu yenyewe huwa haifanywi vizuri. Tairi jipya lina kina cha uso cha kama milimita 8, na mpaka wa kisheria Ulaya ni milimita 1.6, kwa hiyo kuna milimita 6.4 za kutumia. Lenye milimita 6 bado lina zaidi ya theluthi mbili ya maisha yake. Kulitupa kwa tundu la katikati, kwa kuwa tu muuzaji amesema tairi lililochomwa halifai, ni hasara isiyo na sababu. Lenye milimita 3 limebakiwa na kama robo, na uwezo wake wa kusukuma maji ya mvua umeshashuka. Hapo hata jeraha dogo linaweza kutosha kukusukuma dukani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tundu lina upana gani, uliza uso umebaki kiasi gani.

Na swali linalosahaulika: kubadilisha kwa lipi? Washauri wa usalama hupenda kusema ukiwa na shaka, badilisha, na wao wanafikiria tairi jipya kutoka kwenye rafu. Kwa wengi wetu, kubadilisha maana yake ni tairi la mtumba lililoning'inizwa kando ya barabara, limeng'arishwa kwa dawa nyeusi, lisilo na historia. Lenyewe huenda lina kiraka. Lenyewe huenda lilikimbizwa bila upepo kwenye barabara za nchi ambayo hutaijua. Tairi lako lililochomwa, lililofunguliwa, likakaguliwa na kuzibwa kwa kiraka chenye shina, ni salama kuliko hilo karibu kila mara, kwa sababu unajua lilikotoka. Ukilazimika kununua la mtumba, sharti ni lilelile, ulione ndani, na usome tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa. Uingereza, tangu Februari 2021, matairi ya zaidi ya miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye ekseli za mbele za malori na mabasi, hata yakiwa na uso mzuri.

Kuna magari ambayo hesabu yake inabadilika kabisa, nayo ni yale yanayoendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, kama Subaru zilizojaa Nairobi. Watengenezaji wake wanataka mizunguko ya matairi manne isitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Kila milimita moja ya uso uliolika hupunguza mzunguko kwa milimita 6.3. Ukifunga tairi jipya moja kando ya matatu yaliyolika milimita 4, tofauti inafika milimita 25, na kila kilomita 100 magurudumu yale ya zamani yatazunguka zaidi ya mara 600 kuliko jipya. Mzigo wa tofauti hiyo unabebwa na difu ya katikati, na difu haiuzwi kwa bei ya tairi. Kwa gari la namna hii, kiraka kizuri ni njia ya kuepuka kununua matairi manne, na nusu saa ya ukaguzi inalipa mara nyingi zaidi. Kwa gari la kawaida linaloendeshwa na magurudumu mawili, afadhali kununua jozi, na jozi mpya ifungwe nyuma hata kama gari linavutwa na ya mbele. Wengi hubisha hapa, wakisema usukani uko mbele. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji dereva anahisi na anapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hajajua la kufanya.

Sehemu kubwa ya uamuzi huu, hata hivyo, hufanywa kabla ya fundi kuonekana. Hufanywa dereva anapohisi usukani umekuwa mzito na kujiambia kwamba kituo cha mafuta hakiko mbali. Tairi lililosimamishwa ndani ya mita mia chache baada ya upepo kuisha lina nafasi nzuri ya kuzibwa. Lililoburutwa kilomita 5 hadi kituoni, kwa heshima ya kutochafua shati, halina, hata kama tundu lake ni la sindano. Kwa hiyo kwa fundi sema ukweli wa umbali huo kabla hajagusa nyundo, kisha omba uoneshwe upande wa ndani wa ubavu mwangani, pande zote mbili, kabla solusheni haijafunguliwa. Akishaziba na kujaza, povu la sabuni lipakwe kwenye kiraka, kwenye valvu na kuzunguka mdomo wa tairi, kwa maana pancha nyingi zinazorudi baada ya siku mbili huwa zimevuja kwenye valvu au kwenye rimu yenye kutu, na kiraka ndicho kinacholaumiwa. Upepo upimwe tena kesho yake asubuhi, tairi likiwa la baridi. Ukishuka psi 3 au 4 usiku mmoja, tairi lirudi kwa fundi likafunguliwe upya.